Koo Lililolegea: Historia ya Agizo Moja katika Ufundishaji wa Ala za Shaba

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya agizo ambalo wanafunzi wengi wa tarumbeta, tromboni na tuba huambiwa tangu masomo ya mwanzo: fungua koo, legeza koo. Yanaanzia kwa wapulizaji wa Venice wa karne ya 16, yanapitia mbinu ya Jean-Baptiste Arban ya mwaka 1864 na ufundishaji wa Arnold Jacobs mjini Chicago, na yanaishia katika tafiti zilizoliweka koo mbele ya macho kwa kamera na kwa MRI. Hoja kuu ni kwamba agizo hilo lilizaliwa kama maelezo ya hisia ya mpulizaji hodari, likasomwa baadaye kama maelezo ya umbo la koo. Kulegea si umbo. Ni kukosekana kwa kazi isiyohitajika. Aidha, makala yanajadili athari ya hoja hiyo katika uteuzi wa maneno ya kufundishia kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Katika ala za shaba chanzo cha sauti ni midomo ya mpulizaji. Hewa inayotoka mapafuni hupita katika trakea, zoloto, koromeo na kinywa, kisha hufika midomoni na kuitetemesha. Shaba yenyewe hupokea mtetemo huo, huuchuja na kuukuza. Kwa hiyo koo la mpulizaji huonekana kuwa njia tu, na njia nzuri, kwa mantiki ya kawaida, ni ile isiyo na kizuizi. Katika mantiki hiyo ndimo agizo la kufungua koo lilimopata nguvu yake.

Hata hivyo, agizo hilo lina matatizo mawili. Kwanza, kinachoagizwa hakionekani. Midomo huonekana, vidole huonekana, kifua kinachopanda huonekana. Koo limefichwa kwa mwalimu na kwa mwanafunzi pia. Pili, neno lenyewe hukusanya viungo vingi. Ndani ya kile kinachoitwa koo mna shina la ulimi, kaakaa laini, kuta za koromeo, zoloto na, ndani yake, nyuzisauti ambazo uwazi kati yake huitwa glota. Baadhi ya viungo hivyo hutii nia ya mtu. Vingine hufuata mazoea ambayo mwenyewe hayatambui. Anayeambiwa alegeze koo hajaambiwa alegeze kipi. Akishindwa, lawama humwangukia yeye, ilhali huenda kilichoshindwa ni agizo lenyewe. Hapo ndipo uzito wa suala hili ulipo: neno moja la mwalimu linaweza kumjenga mpulizaji au kumfungia njia kwa miaka mingi.

2.0 Koo kama kielelezo cha wepesi

Historia haikuanza kwa kulishuku koo. Katika Italia ya karne ya 16, waimbaji walisifiwa kwa uwezo wa kukatakata noti ndefu kuwa noti nyingi za haraka kwa mapigo mepesi ya koo. Ufundi huo uliitwa gorgia, neno lenye asili moja na jina la koo. Wapulizaji nao walitaka kuufikia. Mwaka 1584 Girolamo Dalla Casa, aliyewaongoza wapulizaji wa kanisa la Mtakatifu Marko mjini Venice, alichapisha kitabu kuhusu upambaji wa nyimbo. Miongoni mwa namna za kutumia ulimi alizozieleza, mojawapo ilipewa jina lililohusishwa na gorgia, kwa kuwa ilikaribia zaidi ufundi wa waimbaji.

Ala iliyotukuzwa wakati huo, korneto ya mti, haikuwa ya shaba, lakini ilitoa sauti kwa mtetemo wa midomo kama tarumbeta. Jambo la kuzingatia ni mwelekeo wa mawazo: koo la mwimbaji lilikuwa mfano wa kuigwa, na ulimi wa mpulizaji ulikuwa mwanafunzi wake. Vitabu vya tarumbeta vilivyofuata katika Italia, yaani muswada wa Cesare Bendinelli wa mwaka 1614 na kitabu cha Girolamo Fantini cha mwaka 1638, vilitumia silabi kumwonesha mpulizaji jinsi ya kutamka noti. Hivyo ufundishaji ulifanyika kwa matamshi. Mwanafunzi hakuelezwa misuli. Alipewa silabi aitamke, na viungo vikajipanga vyenyewe kuifuata silabi hiyo.

3.0 Vali, ufundishaji wa wengi na mbinu ya Arban

Mabadiliko makubwa yalikuja na vali. Mwaka 1818 Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel walipata hataza ya vali huko Prussia. Kuanzia hapo ala za shaba ziliweza kupiga noti zote za ngazi ya muziki bila kutegemea ala yenye matundu au kubadilisha mabomba. Bendi za kijeshi na za miji ziliongezeka, na pamoja nazo liliongezeka hitaji la vitabu ambavyo vingemfundisha mwanafunzi asiyeweza kukaa karibu na bingwa.

Kitabu kilichodumu kuliko vyote ni mbinu kuu ya Jean-Baptiste Arban kwa ajili ya korneti na saksihoni, iliyochapishwa Paris mwaka 1864. Arban, aliyezaliwa Lyon mwaka 1825, alikabidhiwa darasa la korneti katika Konsavatori ya Paris mwaka 1869, na kitabu chake bado kinatumika katika madarasa ya shaba duniani. Katika maelezo yake ya utangulizi, uzito umewekwa kwenye mahali pa kidomo cha ala juu ya midomo, kazi ya ulimi, na uvutaji wa pumzi. Ulimi unaelezwa kama vali inayozuia hewa mpaka wakati wa kuiachia kwa silabi tu. Kuhusu pumzi, Arban alifundisha kwamba tumbo lisivimbe. Lipande kadiri kifua kinavyotanuka.

Maelekezo hayo yanastahili kusomwa kwa makini kwa sababu mbili. Kwanza, yanaonesha urithi wa silabi uliokwisha kutajwa. Pili, yanadhihirisha jinsi bingwa anavyoweza kueleza mwili wake kwa namna ambayo vizazi vya baadaye vitaikataa. Walimu wengi wa karne ya 20 waliruhusu tumbo litembee kwa uhuru wakati wa kuvuta pumzi, kinyume cha alivyoandika Arban. Mazoezi yake ya noti yamebaki. Maelezo yake ya mwili yamepitwa. Tofauti hiyo kati ya kazi ya bingwa na maelezo ya bingwa kuhusu kazi yake inarudi tena katika suala la koo.

4.0 Kioo cha García na mpaka wake

Agizo la kufungua koo lina undugu wa karibu na shule za uimbaji, na ni mwalimu wa uimbaji aliyefungua njia ya kulitazama koo likiwa hai. Mwaka 1854 Manuel García alitumia kioo kidogo na mwanga wa jua kuona nyuzisauti zake mwenyewe, na mwaka 1855 alitoa taarifa ya uchunguzi wake mbele ya Jumuiya ya Kifalme mjini London. Kwa mara ya kwanza mwalimu wa sauti aliweza kulinganisha alichokisikia na alichokiona.

Kwa wapulizaji, hata hivyo, kioo hicho hakikusaidia. Kioo huingizwa kupitia kinywa kilicho wazi, ilhali mpulizaji hufumba midomo yake juu ya kidomo cha ala. Kwa muda wa zaidi ya karne moja, wakati maarifa ya koo la mwimbaji yalipokuwa yakikua, koo la mpulizaji liliendelea kuelezwa kwa kukisia. Mwaka 1962 Philip Farkas, aliyekuwa kiongozi wa pembe za Kifaransa katika Orkestra ya Simfoni ya Chicago, alichapisha kitabu kuhusu upulizaji wa shaba chenye picha za midomo ya wapulizaji wa orkestra hiyo. Kamera ilifika pale ilipoweza kufika, yaani midomoni. Nyuma ya meno, mwalimu alibaki na sikio lake, hisia zake na tamathali zake.

Tamathali hizo hazikuwa upuuzi. Mpulizaji hodari anapopata sauti pana na nyepesi huhisi kana kwamba ndani ya shingo hamna kitu. Akiulizwa alifanyaje, husema koo lake lilikuwa wazi. Maelezo hayo ni ya kweli kwa maana ya hisia. Tatizo hutokea yanapohamishwa kwa mwanafunzi kama amri ya misuli. Mwanafunzi huvuta zoloto chini, hubana shina la ulimi ili kutengeneza nafasi, na kwa kujitahidi kufungua huongeza kazi mahali pale pale palipotakiwa kupumzishwa.

5.0 Kwa nini koo hufunga

Ili kuelewa ugumu wa agizo hili, ni muhimu kutambua kwamba koo linapojifunga halifanyi kosa. Linatekeleza kazi yake ya asili. Mtu anapoinua gunia zito, anapojisukuma haja kubwa au mwanamke anapojifungua, misuli ya tumbo hukaza, glota hufungwa, na hewa iliyobanwa kifuani huwa nguzo ya mwili. Tendo la kusukuma pumzi huku njia ya hewa ikiwa imefungwa hujulikana kwa jina la Antonio Maria Valsalva, tabibu wa Italia aliyelieleza mwaka 1704 katika kitabu chake kuhusu sikio.

Kupuliza shaba hukaribia sana mazingira hayo. Katika kipimo cha Fletcher na Tarnopolsky kilichochapishwa mwaka 1999, shinikizo la hewa kinywani mwa mpulizaji wa tarumbeta katika noti za juu zenye nguvu lilifikia takriban kilopaskali 25, ilhali mazungumzo ya kawaida hayahitaji hata kilopaskali moja kamili. Mwili unapotakiwa kuzalisha shinikizo kubwa namna hiyo, huchukua njia unayoifahamu: hukaza tumbo na kufunga glota. Dalili zake hujulikana na kila mwalimu, kwa mfano mguno kabla ya noti, kusitasita mwanzoni mwa kifungu, shingo iliyovimba mishipa, na sauti nyembamba isiyosafiri.

Ni lazima hapa kutenganisha mambo mawili. Faulkner na Sharpey-Schafer, katika utafiti wao wa mwaka 1959 kuhusu mzunguko wa damu wa wapulizaji wa tarumbeta, waliulinganisha upulizaji na tendo la Valsalva. Lakini shinikizo la kifuani hupanda hata kama glota iko wazi, kwa kuwa midomo na ala huzuia hewa upande wa mbele. Kwa hiyo shinikizo lenyewe si ushahidi wa koo lililobanwa. Swali la kiufundi ni mahali pa ukinzani: je, hewa inakutana na kizuizi midomoni, ambako nguvu yake hugeuka kuwa sauti, au inakipata kooni, ambako nguvu hupotea kabla ya kufika? Katika swali hilo agizo la kulegeza koo lina msingi wa kweli. Kilichobaki ni kujua jinsi ya kulitekeleza.

6.0 Arnold Jacobs: maarifa mengi, maagizo machache

Mtu aliyelijibu swali hilo kwa namna mpya ni Arnold Jacobs. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1915, akasoma katika Taasisi ya Curtis, akapiga tuba katika orkestra za Indianapolis na Pittsburgh, kisha katika Orkestra ya Simfoni ya Chicago kuanzia mwaka 1944 hadi 1988. Alifariki mwaka 1998. Wapulizaji kutoka nchi nyingi walimfuata Chicago, wengine wakiwa wamekwama kiasi cha kukaribia kuacha kazi.

Jacobs alijifunza anatomia na fiziolojia ya upumuaji kwa kina kisicho cha kawaida kwa mwanamuziki, na aliweka chumbani mwake vifaa vya kupima pumzi vilivyotumika hospitalini. Vipimo vilimwonesha uhusiano wa kinyume kati ya shinikizo na mtiririko: noti za juu hudai shinikizo kubwa na hewa kidogo, noti za chini hudai shinikizo dogo na hewa nyingi. Aliona pia kwamba noti ileile, kwa ukubwa uleule wa sauti, hudai viwango vinavyokaribiana hata inapopigwa kwa ala tofauti. Kutokana na hayo alisisitiza kwamba mwanafunzi afikirie hewa inayosafiri, si hewa inayobanwa. Anayetafuta shinikizo huamsha tendo la kuinua gunia. Anayetafuta upepo hupata shinikizo linalohitajika bila kufunga mlango.

Ajabu ya ufundishaji wake ni kwamba kadiri alivyolifahamu koo, ndivyo alivyopunguza kulitaja mbele ya mwanafunzi. Msimamo wake ulifupishwa katika maneno mawili, wimbo na upepo, ambayo ndiyo jina la kitabu cha Brian Frederiksen kilichotoka mwaka 1996. Ubongo, kwa mujibu wa Jacobs, hutuma matokeo yanayokusudiwa, nao mwili hupanga misuli. Mtu anayetembea hapangi kila msuli wa paja, hukusudia kufika. Mpulizaji vivyo hivyo hukusudia noti anayoisikia akilini.

Namna yake ya kuondoa mkazo ilifuata msimamo huo. Hakupigana na mazoea mabaya ana kwa ana. Alijenga mazoea mapya pembeni mwake. Mwanafunzi aliondolewa ala mkononi, akapewa kifaa kigeni chenye mpira mdogo unaopanda kwa nguvu ya pumzi, au mfuko wa hewa wa kujaza na kuvuta. Kwa kuwa kifaa hicho hakikuwa na kumbukumbu ya woga, mwili ulipumua vizuri. Pumzi hiyo ilihamishiwa kwenye kidomo pekee, kisha kwenye ala. Kelele ya kuvuta pumzi ilichukuliwa kuwa ishara ya msuguano. Umbo la vokali o liliipunguza. Hapa silabi ya Dalla Casa na Arban inarudi kwa sura nyingine: viungo visivyoonekana vinapangwa kwa tamshi, si kwa amri.

7.0 Koo laonekana

Sambamba na kazi ya Jacobs, watafiti walianza kupenya nyuma ya meno. Mwaka 1954 Jody Hall, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Indiana, alitumia eksirei kuchunguza mabadiliko yasiyo ya midomo kwa wapulizaji wa tarumbeta. Mwaka 1968 Merriman na Meidt walichapisha uchunguzi wa wapulizaji wa shaba kwa eksirei ya filamu. Hizi zilikuwa hatua za mwanzo za kuliona tendo zima badala ya kulisikia tu.

Hatua ya kuvuka mpaka wa García ilikuja na kamera nyembamba ya nyuzi za kioo inayopitishwa puani. Kwa kuwa haikupita kinywani, midomo ilibaki huru kupuliza. Tafiti za mwaka 1989, ukiwamo wa King na wenzake kuhusu ala za shaba na ule wa Mukai kuhusu ala za kupuliza kwa jumla, zilionesha kwamba zoloto si bomba lililotulia tu. Nyuzisauti hushiriki katika upulizaji. Mukai aliripoti jambo lililopingana na desturi ya madarasa: wapulizaji wazoefu walipunguza uwazi wa glota wakati wa kupuliza, ilhali wanaoanza waliuacha mpana. Ikiwa agizo la kufungua koo lingechukuliwa kama maelezo ya umbo, basi anayeanza ndiye aliyelitii, na bingwa ndiye aliyelivunja.

Akustika iliongeza ushahidi wake. Mwaka 2005 Tarnopolsky na wenzake walichapisha utafiti wa dijeridu, ala ya wenyeji wa Australia inayotetemeshwa kwa midomo, na kuonesha umuhimu wa njia ya sauti ya mpulizaji katika rangi ya mlio. Glota nyembamba ni sehemu ya ufundi huo. Kwa tarumbeta, utafiti wa Chen, Smith na Wolfe wa mwaka 2012 haukuthibitisha kwamba wapulizaji huoanisha mwangwi wa njia ya sauti na kila noti wanayopiga. Mwaka 2015 Peter Iltis na wenzake walichapisha matokeo ya MRI ya muda halisi iliyofanyika Göttingen, Ujerumani, kwa ala zisizo na chuma kinachovutwa na sumaku. Katika picha hizo ulimi wa mpulizaji huonekana ukisafiri kwa kasi na usahihi ambao hakuna mwalimu angeweza kuuamuru kwa maneno.

Ushahidi huu haufuti agizo la kale. Unalihamisha mahali pake. Glota ya bingwa inaweza kuwa nyembamba bila kuwa imebanwa, kama vile mkono wa mshonaji unavyoshika sindano bila kukaza bega. Kulegea ni uhusiano kati ya kazi na hitaji: kila msuli hufanya kinachotakiwa, hauongezi.

8.0 Suala la maneno kwa Kiswahili

Mjadala huu una maana mahususi kwa ufundishaji kwa Kiswahili. Pwani ya Afrika Mashariki inazijua ala za midomo tangu zamani. Siwa ya shaba ya Lamu na siwa ya pembe za ndovu ya Pate ni ushahidi. Tarumbeta na jamaa zake zilienea baadaye kupitia bendi za kijeshi, vikundi vya ngoma ya beni na kwaya za matarumbeta za makanisa ya Kilutheri na Kimoraviani nchini Tanzania. Anayefundisha katika mazingira hayo hulazimika kuchagua kitenzi.

Fungua na panua huamuru umbo, na kwa hiyo hubeba hatari iliyokwisha kuelezwa. Legeza ni bora zaidi, lakini nacho kina kasoro: kamba iliyolegea haifungi mzigo, na mlegevu ni mtu asiyetegemewa. Mwanafunzi anayelegeza kwa maana hiyo hupoteza pumzi pamoja na mkazo. Kitenzi tuliza hukaribia zaidi maana iliyothibitishwa na historia hii. Aliyetulia hajalala, yumo kazini bila pupa. Aidha, fonetiki ya Kiswahili imekwisha kuyazoea maneno glota, koromeo na nyuzisauti, hivyo mtafiti na mwalimu wa walimu hawana sababu ya kuyatupa yote katika kapu la neno koo. Matumizi hayo mawili yasichanganywe: istilahi ya anatomia ni ya uchambuzi, tamshi, wimbo na pumzi ni vya darasani.

9.0 Hitimisho

Historia ya koo lililolegea ni historia ya umbali kati ya kujua na kuagiza. Wapulizaji wa Venice waliliiga koo la mwimbaji kwa ulimi. Arban alifundisha kwa silabi na kueleza mwili kwa namna ambayo haikudumu. Kioo cha García kiliishia midomoni mwa mpulizaji. Jacobs alipima kila kilichopimika kisha akamwelekeza mwanafunzi kwenye wimbo. Kamera na MRI zikaonesha kwamba koo la bingwa hutenda kazi nyingi kwa utulivu. Katika hatua zote hizo, waliofanikiwa kufundisha hawakuwa wale walioamuru kiungo kisichoonekana, bali wale waliotafuta tendo ambalo likifanywa vizuri, kiungo hicho hufuata. Utafiti ujao kwa Kiswahili unaweza kuanzia hapo: kukusanya maneno ambayo walimu wa bendi na kwaya za matarumbeta huyatumia, na kuyapima kwa sauti inayotoka baada ya kutamkwa.